Paka Ana Silaha, Mimi Sina

Nilizijua sheria za Dungeons & Dragons kwa sababu ya pesa. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, karo imekwama, nikawa nashinda chumbani Mishomoroni nikiwaandikia watu wa ng'ambo makala kwa malipo ya kukasirisha. Mteja mmoja akataka maneno 2,000 kuhusu kupigana mikono mitupu kwenye huo mchezo: mnakaa mezani, kila mtu ana mhusika wake, dadu ndiyo inayoamua. Sheria za msingi ziko bure mtandaoni, nikazisoma usiku kucha. Makala iliisha, mchezo ukabaki. Siku hizi tunacheza wanne, Jumapili usiku. Mimi ndiye msimulizi, na dadu ya pande 20 iko kwenye simu.

Hebu nikwambie kilichonikera. Kwenye toleo tunalocheza, la 3.5 lililotoka 2003, ukimrushia ngumi mtu mwenye silaha, yeye anapewa pigo la bure kabla ngumi yako haijafika. Na ikifika, dadu yake ni ya 1 hadi 3 tu, tena maumivu yenyewe si ya kuua, ni ya kuzimisha. Lakini mnyama mwenye kucha na meno? Huyo anahesabiwa tayari ana silaha. Pigo la bure hakuna. Yaani paka wa soko la Kongowea anaingia vitani amejihami, na wewe na ngumi zako mbili uko uchi. Labda uwe mtawa wa mle mchezoni, au umejifunza ngumi rasmi. Hapo ndipo mwili wako unahesabika silaha.

Toleo la 5, la 2014, halina adhabu hiyo. Ngumi inatoa 1, unajumlisha na nguvu zako. Raia wa kawaida hana cha kujumlisha, kwa hiyo anabaki na 1. Kucha za paka pia 1. Tulicheka sana siku hiyo.

Mwenzetu mmoja hakuwepo. Alikuwa amekutana na vijana watatu wa mapanga akitoka kazini, hatua chache kutoka kwao. Simu alishaitoa. Ngumi akairusha hata hivyo, sijui kwa nini, na sijawahi kumuuliza. Kovu linaanzia kiwikoni hadi kiganjani, na vidole viwili havikunji tena.

Alirudi baada ya miezi minne. Usiku huo mhusika wake akazingirwa na majambazi darajani.

"Naweka upanga chini," akasema. "Nampiga ngumi huyu wa mbele."

Msimulizi anaruhusiwa kuipindisha sheria. Nilitaka kuipindisha, wallahi.

"Shekhe, wajua anapata pigo la bure kwanza?"

"Najua. Rusha."

Nikabonyeza. 4. Panga likapita hewani. Hakuna aliyeshangilia. Akaivuta simu kwake, akabonyeza kwa kidole kimoja cha mkono uleule. 17, imempata. Akabonyeza tena kuona maumivu: 2. Jambazi alikuwa na 11.

"Bado amesimama," nikamwambia.

"Zamu yangu itarudi?"

"Itarudi."

"Basi endelea."