Loitokitok Iko kwa Santuri ya Uingereza

Kuna bendi iliitwa Loi Toki Tok Band. Wameliandika hivyo, vipande vitatu, kama mtu anabisha mlango. Mimi nimezaliwa Loitokitok, nimekulia pale chini ya Kilimanjaro, soko ya Jumanne naijua kama mfuko wangu, na hakuna mtu aliwahi kuniambia jina la kwetu liliwahi kuwa la bendi. Niliipata nikiwa kejani Kitengela, usiku, bando ikikaribia kuisha, kwa albamu ya lebo ya Uingereza. Lebo ni Soundway, albamu ni Kenya Special, ilitoka 2013: mkusanyo wa ngoma zilizorekodiwa hapa kwetu miaka ya 1970 na 1980. Wimbo wao pale ndani unaitwa "Ware Wa".

Nikaurudia labda mara nane.

Sasa, najua comment ya kwanza itakuwa gani: wazungu wameiba muziki wetu. Wasee, pole pole. Hizo ngoma zilitoka kwa santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande. Nairobi ilikuwa na studio, ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri Industrial Area, na River Road ilikuwa na maprodyuza na maduka yao. Wakongo walikuja kurekodi hapa, Watanzania pia. Halafu kaseti zikaingia, na watu wa kunakili kaseti wakaingia nazo, biashara ikaanguka. Santuri zikabaki chini ya vitanda, zikikunjwa na jua. Mtu akipanda ndege, azitafute, azisafishe sauti, aandike kijitabu chenye majina, huyo amefanya kazi ambayo sisi tulikuwa na miaka 30 ya kuifanya. Bila Soundway mimi singeskia "Ware Wa". Hiyo siwezi kukataa.

Kinachonikera ni kingine. Nilinunua ngoma yangu vizuri, kwa pesa, nikachukua sekunde 20 nikaweka chini ya video ya soko letu: nyanya za Kimana, akina mama na shanga, boda zikipandisha. Asubuhi nikapata ujumbe kutoka kwa mtandao wa video kwamba hiyo sauti ina mwenyewe, na video ikiingiza kitu, pesa itaenda kwa huyo mwenyewe. Sawa, sheria ni sheria. Lakini "mwenyewe" ni nani? Kwa kawaida mwenye rekodi ni yule aliyelipia studio, ama kampuni iliyonunua kutoka kwake. Wapiga gitaa wengi wa enzi hiyo walilipwa pesa ya siku hiyo, wakapanda basi wakaenda nyumbani. Mashine ya mtandao inajua kila kitu kuhusu hiyo sauti isipokuwa mtu aliyeipiga.

Na msidhani ni Afrika peke yake. Waingereza wenyewe wako na hii stori, kwa jazz yao. (Na hapa niseme: kwetu "jazz" ilikuwa tu jina la heshima la bendi. Shirati Jazz ni benga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ni dansi ya magitaa. Ukienda ukitafuta saksafoni za New York utashangaa.) London kulikuwa na Joe Harriott, Mjamaika, alifika huko 1951, akarekodi Free Form 1960, kitu ambacho wenzake hawakuwa wanathubutu. Alifariki 1973 bila kitu. Siku hizi santuri za kwanza za jazz ya Uingereza zinauzwa kwa mamia ya pauni, na 2021 Decca ilianzisha msururu mzima wa kuzitoa upya. Tofauti ni moja: mara nyingi wao wako na kanda halisi za studio, zimekaa kwa ghala. Sisi mara nyingi tunasikiza toleo jipya lililonakiliwa kutoka kwa santuri ya mtu, na ukiweka sauti juu unaskia mikwaruzo ya sindano ya huyo mtu. Mimi hiyo mikwaruzo naipenda, lakini isituzuie kuona maana yake. Maana yake ni kwamba kanda haiko.

Halafu kuna saa inahesabu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ngoma iliyorekodiwa 1974, ulinzi wa hiyo rekodi uliisha pamoja na 2024. Utunzi wenyewe ni kando, unaendelea hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwa hivyo kila Januari, mwaka mzima wa Nairobi ile unafunguliwa, yeyote anaweza kuchapisha hizo rekodi, na cha kumfaidi mzee kinabaki ni jina lake kuandikwa pale kama mtunzi. Kama hakuna anayejua jina, basi.

Kuna mtu anafanya hii kazi vile naielewa. Joseph Kamaru, yule wa nyimbo za Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake anaitwa jina hilo hilo, wengi mnamjua kama KMRU, anatengeneza muziki wa sauti za mazingira na ameshapiga dunia nzima. Yeye ndiye amekuwa akirudisha ngoma za guka yake kwa Bandcamp. Ukinunua, unajua inaenda kwa nyumba gani.

Mwezi uliopita nilishuka nyumbani nikaenda kwa mzee fulani wa kutengeneza redio. Nikamchezea "Ware Wa" kwa simu. Akaweka simu sikioni kama anaongea na mtu wa mbali, akafunga macho.

"Wewe ni kijana ya nani?" Nikamwambia. "Baba yako hajui hii. Babu yako angejua."

Akaniambia kuhusu kadi za salamu za Sauti ya Kenya, vile ungetuma kadi na ungoje wiki jina lako litajwe kabla ya ngoma. Akaniambia santuri zake watoto walizirusha kama sahani, lakini sanduku moja lilibaki kwa sababu lilikuwa limekaliwa na betri za gari. Tukalitoa. Zilikuwa 41, na saba zimepinda.

Sina mashine ya kuzicheza, na mzee hana sindano. Nilichofanya ni kupiga picha ya karatasi ya katikati, upande A na upande B: jina la wimbo, mtunzi, lebo, nambari. Zingine mtunzi ni jina moja tu, dogo, karibu kufutika. Nimeziweka kwa jedwali, bure, link iko kwa bio.

Nyumbani mlipo, Emali, Rombo, Isinya, popote, uliza shosho ama koko wako kuhusu sanduku. Usioshe santuri na Omo, tafadhali. Futa na kitambaa kikavu, piga picha pande zote mbili, nitumie. Na kama mzee mwenyewe yuko, rekodi akisema ni nani alipiga besi.