Tarakilishi Iliyokataa Kuamka

Ni kawaida hapa shuleni mtu kubonyeza swichi ya tarakilishi mara mbili, akaona kiwambo kimebaki cheusi tititi, kisha akageuka na kutangaza, "Hii imekufa!" Basi, kesi imekwisha. Mashine inasukumwa pembeni na kuwekewa vitabu juu yake. Mimi sikubaliani ng'o na hukumu ya namna hiyo. Tarakilishi ya mezani si kitu kimoja. Ni vitu vingi vilivyounganishwa kwa nyaya, na ni nadra sana vyote vife siku moja.

Nasema haya kwa sababu ya ile mashine iliyo karibu na dirisha katika maabara yetu. Muhula wa pili mwaka wa 2023 iligoma kuwaka, na ndani yake mlikuwamo miradi ya watahiniwa wanne. Wasiosoma somo hili huenda wasielewe uzito wa jambo lenyewe. Mradi ndio karatasi ya tatu ya KCSE katika somo la tarakilishi. Mtu huushughulikia kwa miezi, na hauwezi kuandikwa upya kwa wikendi moja. Kati ya wale wanne, ni mmoja tu aliyekuwa na nakala kwingine. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili, kazi yangu kupanguza vumbi na kushika tochi.

Fundi aliitwa kutoka mjini. Aliitazama mashine kama dakika tano hivi, akasema ubao mama umeungua, ununuliwe mwingine, na diski isafishwe iwekwe programu upya. Isafishwe! Wenye miradi walitazamana kama watu waliosomewa hukumu. Mwalimu wetu alimshukuru fundi kwa upole, akamwambia tutamwita.

Alipoondoka, mwalimu alisema, "Tuanze na mali ya watu." Alichomoa waya wa stima, akagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu kitu, akafungua skrubu nne na kuitoa diski. Akaiunganisha na mashine jirani iwe diski ya pili. Hamadi! Faili zote zilikuwa pale, salama salimini. Tulizinakili mara mbili. Dada mmoja wa kidato cha nne aliketi sakafuni akalia, na hakuna aliyemcheka.

Sasa tungeweza kuikabili mashine yenyewe bila presha. Mwalimu alitueleza kwamba tarakilishi hukataa kwa njia tofauti, na kila njia ina maana yake. Kama hakuna taa wala feni, shaka iko kwenye soketi, waya, ile swichi ndogo ya nyuma, au kisanduku cha umeme kilicho ndani. Kama nembo ya kampuni inatokea kisha mashine inalalamika kwamba haioni pa kuanzia, mshukiwa wa kwanza ni diski au waya wake. Yetu ilikuwa ya aina ya tatu, ile inayowapoteza wengi: feni inavuma, taa inawaka, kiwambo hakina kitu. Hata tulipoleta kiwambo kingine na waya wake, giza lilikuwa lile lile.

Mtu atasema, feni si inazunguka, basi umeme uko sawa. La hasha! Feni hutumia volti 12, ilhali sehemu nyingine hutaka 5 na 3.3. Moja inaweza kukosekana na feni isijue habari. Tuliazima mita ya maabara ya fizikia. Waya wa manjano ulitoa 12.1, na wenye rangi nyekundu na ya chungwa ilikuwa sawa vilevile. (Kisanduku chenyewe hatukukifungua, na wewe usikifungue. Kinaweza kuhifadhi umeme wa kukurusha hata baada ya kuchomolewa.)

Kilichonifurahisha zaidi ni hatua iliyofuata. Tangu zama za IBM PC ya mwaka 1981, tarakilishi inapowashwa hujikagua kwanza, na ikikuta kasoro kabla ya picha kutokea, hulia kwa mlio wa kuhesabika. Yetu ilikuwa kimya kabisa. Kumbe haikuwa na spika! Ile spika ndogo ya ndani, isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha soda, haikuwekwa kamwe. Tuliitoa moja kwenye mashine kuukuu ya stoo.

Kisha mwalimu akafanya jambo lililonishangaza. Alivitoa vijiti vyote viwili vya kumbukumbu, akaiwasha mashine makusudi bila hata kimoja. Ikaanza kulia mfululizo. Sisi tuliruka nyuma, yeye akatabasamu. "Imesikia kwamba imeibiwa," akasema. Ubao ulioungua ungewezaje kulalamika? Kumbe ubao na prosesa vilikuwa hai, na ile hukumu ya mjini ilikuwa bure kabisa.

Alirudisha kijiti cha kwanza peke yake: mlio mmoja mfupi, na nembo ikachomoza kwenye kiwambo. Makofi yakapigwa! Akakitoa, akaweka cha pili mahali pale pale: kilio. Tulisugua meno yake ya shaba kwa raba ya kawaida ya kufutia penseli, maana uchafu tu huweza kuleta balaa, tukajaribu nafasi nyingine. Kilio tena. Kijiti hicho ndicho kilichokuwa kibovu.

Mashine ikarudishiwa diski yake na kijiti kimoja, na kumbukumbu ikashuka kutoka gigabaiti 4 hadi 2. Ilijikokota kama punda aliyebebeshwa mahindi, lakini miradi yote minne ilimaliziwa hapo na kuwasilishwa kwa wakati. Jambo lililobaki lilikuwa saa yake. Kila tulipochomoa stima ilirudi mwaka wa 2009, kwa kuwa ile betri bapa ya volti 3, CR2032, ilikuwa imekwisha. Hiyo tuliinunua kwa mchango wa chama, siku ya soko.