Sufuria ya Pili

Magego ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, ule umri ambao wenzangu walikuwa chuoni wakisaka shahada. Mimi nilitoka chuo bila cheti, lakini meno ya hekima nilipata. Mawili, yote yamelala upande. Malipo ya makala mbili yakaenda kuyang'oa.

Masharti ya daktari: usinywe kwa mrija, usiteme mate kwa nguvu. Donge la damu linaloziba shimo likitoka, mfupa unabaki wazi na hapo utalia. Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa maji vuguvugu ya chumvi. Kula laini.

Sasa laini ni nini kwa nyumba inayopika githeri kila wiki? Shosho, asiye na gego hata moja, ndiye aliyejibu. Uji wa wimbi, uliopoa. Ovakado na ndizi mbivu, ponda kwa uma. Mayai ya kuvuruga. Siku ya nne, viazi na ndengu zilizoiva hadi zikapondeka. Mahindi na karanga zingoje.

Wiki nzima tulikula sahani moja. Ndipo akaniambia kwamba siku za githeri yeye hunywa mchuzi, hula maharagwe, na mahindi huyarudisha sufuriani. Hakutaka kupikiwa chakula chake peke yake kama mgonjwa.

Shimo langu linafunga. Mimi nitarudi kutafuna mahindi, yeye hatarudi. Kwa hivyo ile sufuria ndogo ya viazi imebaki jikoni, na hatuiiti ya mgonjwa.