Wafagiaji wa Mchanga
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Chama chetu cha Sayansi kina tangi la kioo lenye urefu wa meta 1 na upana wa sentimeta 40, nalo hutiwa maji ya kina cha sentimeta 45. Hesabu yake ni lita 180. Chini tuliweka mchanga uliochekechwa na kuoshwa, na ndani wanaishi perege sita wadogo waliotoka Hombolo. Mwezi wa kwanza tangi lilipendeza mno. Mwezi wa pili mchanga ukaanza kufanya madoa meusi, na ukiuchokoa kwa kijiti watoa harufu ya yai viza. Mwalimu wetu wa Baiolojia akaunda kamati ya watu wanne na kutupa kazi moja tu: tuchague wanyama watakaouweka mchanga ule safi. Mimi nilitiwa katika kamati kwa sababu ni mtu wa pwani, na katika bweni letu mtu wa pwani hudhaniwa kukijua kila kiishicho majini.

Huenda msomaji akauliza, uchafu watoka wapi, nasi twabadilisha maji kila wiki? Samaki hula na kunya, na chakula kisicholiwa huzama. Juu ya mchanga oksijeni ipo, na bakteria huugeuza uchafu huo taratibu hata ukawa mbolea ya mimea ya majini. Lakini chini, mahali maji yasipopita, oksijeni huisha, wakaingia kazini bakteria wa namna nyingine, nao ndio watoao ile harufu. Kwa hiyo hatukutafuta mla takataka tu, bali mchimbaji pia, awezaye kuyapenyeza maji mchangani bila kuwasumbua samaki.

Kwetu Mafia hakuna abadilishaye maji ya mwambani, na mchanga ni mweupe. Nilipokuwa mdogo nilifuatana na Bibi siku za bamvua, maji yakipwa, yeye akitafuta pweza. Katika vidimbwi vilivyobaki kati ya matumbawe niliwaona majongoo bahari wamelala kama mihogo iliyosahauliwa. Siku moja nilitaka kumwinua mmoja, Bibi akanizuia.
“Mume wangu, mwache huyo, anakula.”
“Anakula nini, Bibi?”
“Mchanga.”
Nilidhani ni utani wa bibi na mjukuu, mpaka nilipoona nyuma ya yule jongoo mchanga ulioshikamana kama tambi nene. Baadaye nilisoma kwamba huumeza mchanga, akachukua uozo na vijidudu vilivyomo, kisha akautoa ukiwa umesafishwa. Wala hayuko peke yake. Wapo viti vya pweza wachimbao, minyoo wembamba wasiohesabika, na konokono wanaojifukia na kuacha mrija tu nje, mfano wa mkonga wa tembo. Samaki akifa jirani, hutokeza wote kwa mara moja kama watu waliosikia ngoma.

Sitaficha kwamba nilitamani bahari ndogo hapa Dodoma. Mwenzetu mmoja alisema maji yaletwe kwa madumu katika treni ya SGR iliyoanza kufika huku mwaka 2024. Mwingine alisema tuombe chumvi jikoni. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, basi tangi letu lingetaka kilo sita na zaidi, na sidhani mpishi wetu angetusikiliza. Tena chumvi ya jikoni peke yake haifanyi bahari, maana bahari ina magnesiamu, kalisi na vitu vingine vingi.

Lakini si chumvi iliyonikatisha tamaa, ni yule jongoo mwenyewe. Kule Mafia ana uwanja mzima, na kila maji yajaapo humletea chakula kipya. Hapa angepewa mchanga usiozidi ukubwa wa dawati. Angeusafisha barabara, kisha angekosa cha kula, akanywea na kufa. Na baadhi ya majongoo bahari wakifa hutoa sumu iwezayo kuua samaki wote wa tangi. Kiti cha pweza mchimbaji naye mwisho wake ni huohuo. Tangu hapo nilikuwa nikiuliza swali moja kwa kila mnyama aliyetajwa: hapa atakula nini mwezi wa tatu?

Kwa swali hilo kambare alianguka mapema. Mwenzetu wa Bahi alimtetea kwa nguvu, ati kwa kuwa anaishi matopeni, basi tope ndilo chakula chake. La hasha! Kambare mkubwa angewamaliza perege kwanza. Zaidi ya hayo, aweza kuvuta hewa ya juu na kutambaa nchi kavu, na asubuhi tungemkuta mlangoni pa maabara.

Wakabaki konokono wa maji baridi, na hapa ndipo shauri lilipokuwa zito. Bwawa moja lisilo mbali na shule lina konokono wengi, na wenzangu wawili walikuwa tayari kwenda na ndoo jioni ileile. Mimi nilikataa kabisa. Nikiwa darasa la tatu nilikojoa damu, na wavulana niliokuwa nikioga nao kidimbwini waliona ni jambo la kawaida. Kilikuwa kichocho. Nilipona kwa vidonge vya prazikwanteli, lakini sijasahau. Vijidudu vya ugonjwa huo hukua ndani ya konokono, hutoka majini kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Nasi hutia mikono tangini kila Jumamosi.

Mwalimu alikwenda bwawani mwenyewe kwa viatu vya mpira na glavu, akaleta aina tatu katika chupa zilizofunikwa. Ya kwanza, Biomphalaria, ni bapa kama kata ya kubebea mtungi. Huyo hubeba kichocho cha matumbo. Ya pili, Bulinus, ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo uko kushoto. Huyo ndiye wa kichocho cha mkojo. Ya tatu, Melanoides, ni mrefu aliyechongoka, mdomo wake uko kulia na una kifuniko. Huyu hachukui kichocho, hujifukia mchangani mchana, na hula uozo na ukoga. Wale wa aina mbili za kwanza walimwagiwa maji ya moto palepale.

Hata hivyo Melanoides naye aweza kuwa na minyoo ya namna nyingine. Tukatumia tabia yake njema: hatagi mayai, huzaa watoto hai, tena jike huzaa bila dume. Mtoto wa konokono harithi minyoo ya mama, huipata majini. Basi tuliwaweka wazazi katika chupa ya maji safi, na kila mtoto aliyezaliwa tulimhamisha kwa kijiko hadi chupa nyingine. Kazi hii ilichukua wiki saba, na wengine walituita yaya wa konokono.

Mabishano ya mwisho yalikuwa ya idadi. Wenzangu walitaka hamsini. Nilishikilia kumi na wanne, maana wakishiba wataongezeka wenyewe, na wakiongezeka kupita kiasi tutajua kwamba sisi ndio tunaowapa perege chakula kingi. Mwalimu aliniunga mkono, akaongeza kwamba konokono hauondoi uchafu duniani, huusaga tu na kuusogeza. Kubadilisha maji kutaendelea.

Sasa ni wiki ya tano tangu watiwe. Ukipita asubuhi utaona njia zao mchangani kama mistari ya penseli. Madoa meusi upande wa dirisha yamepungua. La kona ya nyuma bado lipo, nalo tutalipima tena muhula ujao. Wazazi watakaofika siku ya kufunga shule wanakaribishwa kutazama. Twaomba tu watoto wasitie mikono majini, na wasiwape perege mkate.