Tisa wetu wa Arusha

Jamani, hebu tufanye mtihani mdogo. Bila kumuuliza mtu na bila kufungua simu, nitajie mbunge mmoja anayeiwakilisha Tanzania kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Mmoja tu! Wapo tisa. Nimekuwa nikiwauliza watu swali hili, wengine wana shahada mbili, wengine ni waandishi wenzangu, na jibu nililopata mara nyingi ni kicheko. Rafiki yangu mmoja alinijibu kwa swali: "Kwani wale huwa tunawachagua?"

Hatuwachagui. Na hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu Bunge hili la tano lilianza kazi Desemba 2022 na muhula wake ni miaka mitano. Kwa hiyo mwaka 2027 Dodoma itapiga kura tena kupeleka watu tisa Arusha, na nina wasiwasi tutakuja kusikia habari hiyo ikiwa imeshaisha, kama kawaida yetu.

Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa mwaka 1999 unasema kwenye Ibara ya 50 kwamba bunge la kila nchi litachagua watu tisa ambao si wabunge wake. Watu hao wawakilishe, kwa kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi mengine yenye mahitaji maalumu. Yaangalie vizuri hayo maneno "kwa kadiri inavyowezekana". Mwanasheria mzuri anaweza kupitisha lori la mizigo hapo katikati.

Sisi tumeligawa zoezi hilo kwa makundi. Kundi A ni wanawake, B ni Zanzibar, C ni vyama vya upinzani, D ni Tanzania Bara. Kwa karatasi ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba makundi yote yanapigiwa kura na Bunge zima, na Bunge zima maana yake ni CCM. Yaani mwakilishi wa upinzani anachaguliwa na wale anaowapinga! Fikiria Simba wanapewa kazi ya kuwachagulia Yanga golikipa.

Si utani. Mwaka 2012 Chadema, ambao ndio walikuwa chama kikuu cha upinzani bungeni, hawakupata hata kiti kimoja. Viti vya upinzani vilikwenda CUF na NCCR-Mageuzi. Anthony Komu, aliyekuwa mgombea wa Chadema, akapeleka shauri kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 wakaamua kuja na majina mawili tu kwa viti vyao viwili, Lawrence Masha na Ezekia Wenje, ili asiwepo wa kuwachagulia. Bunge likawapigia kura ya hapana wote wawili. Ilibidi warudi mwezi uliofuata na majina sita, ndipo wakapita Pamela Massay na Josephine Lemoyan. Kuna waliosema Chadema walikosea kwa kutoweka mwanamke kwenye orodha ya kwanza, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini chama kikipendekeza watu wake halafu chama kingine kikasema "hawa hatuwataki, leteni wengine", huo uwakilishi ni wa nani hasa?

Wakenya nao wana yao, tena makubwa zaidi. Mwaka 2006 walipeleka Arusha majina tisa bila kupiga kura bungeni, vyama vikiwa vimegawana nafasi mezani. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda mahakamani, na Mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe. Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi haukufanyika. Bunge la pili la Jumuiya likachelewa kuanza hadi Juni mwaka huo. Na marais wetu walifanya nini? Baada ya lile zuio tu, Desemba 2006, wakaurekebisha Mkataba, wakaigawa Mahakama kuwa na ngazi mbili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Haraka ile sijawahi kuiona kwenye jambo la bei ya unga.

Sasa turudi kwetu. Watakaopiga kura mwaka 2027 ni wabunge waliotokana na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ule ambao Chadema walizuiwa kushiriki na ambao sote tunakumbuka ulivyoisha. Ni Bunge la CCM karibu lote, upinzani una viti vichache mno. Mkataba unazungumzia vyama vilivyomo bungeni. Je, Kundi C litabaki na uzito gani? Wakili wa serikali ataweza kusimama Arusha akasema, bila kupepesa macho, kwamba upinzani ulipewa kadiri ilivyowezekana. Na kisheria anaweza kuwa sawa! Hili ndilo linaloninyima raha. Mamilioni ya watu wenye mtazamo tofauti wataingia kwenye Jumuiya wakiwa hawana mdomo.

Kuna atakayesema, mdomo wa nini kwenye bunge lisilo na meno? Namwelewa. Muswada wao ukipita lazima wakuu wote wa nchi wauridhie, na mmoja akikataa mara mbili, muswada umekufa. Fedha nazo ni za kubembeleza, kwa sababu kuna nchi hazilipi michango yao. Isitoshe, kwa kuwa mgombea haruhusiwi kuwa mbunge wa nyumbani, Arusha imekuwa pahali pazuri pa kupumzikia kwa walioangushwa majimboni.

Lakini ukipanda basi la Nairobi, pale Namanga siku hizi unamalizana na nchi zote mbili upande mmoja wa mpaka. Ile ni sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani, iliyotoka kwenye Bunge hilo hilo. Aliyewahi kupanga foleni mbili pale juani anajua ninachosema. Ushuru unaolipia kontena bandarini unasimamiwa na sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, nayo ni ya kwao.

Halafu kuna lile la Julai 2025, serikali yetu ilipowapiga marufuku wageni kufanya biashara 15 ndogondogo, ikiwemo kutengeneza simu na saluni. Kenya wakalalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, imekanyagwa. Kariakoo wengi walishangilia, na siwashangai, maana mtaji mdogo ukishindana na mtaji mkubwa unajua nani atafunga duka. Ila Watanzania nao wana biashara Nairobi, Kampala na Lubumbashi. Wakijibiwa kwa marufuku kama hiyo, nani atawasemea? Kwa Mkataba, ni hao tisa.

Nchi ni nane sasa tangu Somalia ilipoingia mwaka 2024, na kila moja ina viti tisa, iwe Burundi au Congo. Ulaya nao walianza hivi hivi, mabunge ya nchi yakipeleka watu, hadi mwaka 1979 wananchi walipopiga kura wenyewe. Sisi hatujafika huko na sioni dalili kwamba tutafika kabla ya 2027. Basi angalau majina yajulikane mapema na wagombea wahojiwe nje ya ukumbi wa Bunge, redioni na vyuoni, badala ya zile dakika chache za kujieleza.

Na hizo dakika, kama hujui, ni za Kiingereza. Dodoma, mbele ya wabunge ambao wote wanajua Kiswahili, mgombea anajikaza kwa Kiingereza na ukumbi unamcheka akiteleza. Ni kwa sababu Mkataba ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaambiwa kitaendelezwa. Mimi nikimpata mgombea yeyote kabla ya siku hiyo, wa chama chochote, nitamuuliza kuhusu yule fundi simu wa Kitanzania aliyeko Nairobi. Nitamuuliza kwa Kiswahili.