Tahajia katika Matini ya Lugha Mbili

Mwanafunzi wa isimu aandikapo tasnifu ya Kiswahili yenye mifano ya Kiingereza, kikagua tahajia humtia mashakani. Kikitumia kamusi ya Kiingereza peke yake, karibu kila neno la Kiswahili hutiwa alama ya kosa. Naye, kwa kuchoka, huacha kuzitazama alama zote. Akiziunganisha kamusi mbili, hupata utulivu wa hadaa: akikusudia "watoto nane" akachapa "watoto name", kosa hupita salama, kwani "name" ni neno halali la Kiingereza. Data huharibika bila onyo.

Dawa imo katika matini yenyewe. LaTeX, aliyoijenga Leslie Lamport juu ya TeX, mfumo wa Donald Knuth uliotolewa kwanza mwaka 1978, ina kifurushi kiitwacho babel, ambacho huwezesha kila kifungu kutajiwa lugha yake. Kihariri kama Emacs kikisanidiwa kuzifuata alama hizo na kuziruka amri za uchapaji, kila lugha hupimwa kwa kamusi yake.

Hata hivyo, kamusi ya Kiswahili haiwezi kuwa orodha ya maneno tu. "Hawajatupigia" lina mofimu saba: ha-wa-ja-tu-pig-i-a. Hunspell, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Kihangari, lugha nyingine yenye viambishi vingi, hutenga faili la maneno ya msingi na faili la kanuni za viambishi. Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanaisimu. Kanuni hizo ni sarufi. Zikikosewa, mashine itamsahihisha mwandishi aliye sahihi.