Siku Moja Nachingwea, Usiku Mmoja Ruangwa

Nilikuwa Kusini kikazi, kufuatilia minada ya ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kazi ikaisha Ijumaa, tiketi yangu ya basi la Dar ni ya Jumapili, kwa hiyo Jumamosi nzima ikawa mali yangu. Nikaamua kuwa mtalii. Mtalii kwenye wilaya aliyozaliwa baba yangu mzazi!

Ngoja niseme ukweli ambao siupendi. Nikiwa chuo, mtu akiniuliza "kwenu wapi?" nilikuwa najibu "Dar". Akikomaa, namwambia "Temeke". Mnajua tunavyotaniwa watu wa Kusini. Hata hili neno machinga, wengi husema limetokana na Wamachinga, kabila la mkoani Lindi, kwa vile vijana wa huko walikuwa wa mwanzo kutembeza bidhaa mitaani Dar. Mzee wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Alitembeza mashati Kariakoo juani ili mimi nisome, nami nikasoma mpaka nikajifunza kuficha kwao.

Haya, tuendelee. Asubuhi nikadaka bodaboda pale stendi ya Nachingwea. Dogo akauliza, "Wapi, braza?" Nikamwambia anizungushe tu, nione mji. Akacheka. "Hapa hakuna cha kuona, kaka."

Vipo, ila havina kibao. Mwaka 1947 Waingereza, ambao baada ya vita walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Walichagua Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani na bandari mpya Mtwara. Karanga zikagoma. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na takriban pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Leo ukitaka kwenda Nachingwea unapanda basi kama mimi, na mgongo unakukumbusha.

Tukaenda mpaka Farm 17. Jina ni la enzi za mashamba hayo, lakini sifa yake si ya karanga. Hapo ndipo Frelimo walipoweka kambi yao kuu ya mafunzo miaka ya 1960, wakati wa kupigana na Mreno. Samora Machel aliishi na kufundisha wapiganaji hapa kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, tarehe 25 Juni 1975. Nikamsimulia dogo. Akazima pikipiki.

"Samora yupi? Huyu mwenye barabara pale Dar?"

"Huyo huyo."

Akaangalia vichaka kama vile ndiyo kwanza anaviona. Mimi nikajiona mjanja kwa dakika kama mbili hivi, kisha nikakumbuka kwamba haya yote niliyasoma vitabuni. Baba amekulia hapa, na sijawahi kumuuliza hata swali moja.

Mchana nikapanda Noah kwenda Ruangwa. Tulibanana, miguuni kuna kuku na gunia la mbaazi, vumbi jekundu linaingia kila upenyo. Ruangwa imechangamka. Ndiko lilikokuwa jimbo la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, na ndiyo nyumbani kwa Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu 2019 na mwaka 2021 ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nikapiga picha nje ya uwanja kama mtalii mwenye akili zake timamu.

Jioni mwenye gesti akaniambia kuna ngoma mtaa wa jirani, watoto wametoka jandoni. Nikatia timu na kamera.

Wapigaji walikuwa wameinamisha ngoma kwenye moto wa majani ili ngozi zikaze. Ile ndogo ina mguu uliochongoka, wanaichomeka ardhini na kuipiga kwa vijiti vyembamba, mlio wake unakata kama mvua juu ya bati. Ikaanza sindimba. Ngoma hii inajulikana zaidi kuwa ya Wamakonde, na baada ya Uhuru kikundi cha ngoma cha taifa kiliipandisha jukwaani, nchi nzima ikaijua. Walikuwepo pia waliolalamika kwamba ina viuno vingi mno. Na mimi, niseme ukweli, kamera yangu ilikuwa imekwenda huko huko.

Bibi mmoja akanigusa bega. "Mwandishi, unapiga ngoma au unapiga viuno?"

Nikashusha kamera. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

"Dar" ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaimeza. Nikataja jina la baba, na la babu, na kijiji.

Bibi akanitazama kidogo. "Sasa mbona umesimama kama mgeni?" Akavua khanga ya mabegani, akanifunga kiunoni mbele ya umati wote. Wadau, nilicheza. Vibaya. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilipotoka mle nikiwa nimelowa jasho, nikampigia mzee. Sikusema kitu, nikaielekeza simu kwenye ngoma. Kimya kirefu. Nikadhani mtandao umekata.

"Hiyo ndogo haijakaza vizuri," akasema. "Waambie wairudishe motoni."

"Kwani baba unajua kupiga?"

"Nilikuwa naipiga hiyo hiyo ndogo, kabla sijaja mjini."

Miaka yote hiyo chini ya paa moja, ndiyo nasikia leo. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Si ulikuwa unasema wewe ni wa Temeke?"

Kumbe alikuwa anasikia.